Namna ya kuangalia filamu za Godzilla na Kong bila kupotea njiani

Ukipewa flashi yenye faili lililoandikwa "Godzilla" tu, bado hujui umepewa nini. Inaweza kuwa ya 1954, ya 1984, ya 1998 au ya 2014, na kama aliyekunakilia ni mvivu wa kuandika, hata ya 2016 na ya 2023 zimo humo humo. Hizo si sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ni visa mbalimbali, na madubwana yenyewe hayalingani hata kimo. Ndiyo maana mtu anamaliza ya 2014, anafungua ya 2016, kisha anabaki kushangaa mbona serikali nzima ya Japani haijawahi kumsikia Godzilla.

Mwenye Godzilla, lile dubwana la mfano wa mjusi, ni Toho, kampuni ya filamu ya Tokyo, tangu 1954. Legendary ya Marekani ilipewa leseni ya kumtumia, ikaanza mfululizo wake mwaka 2014 na kuuita MonsterVerse, huku Toho ikiendelea kutengeneza za kwake. Kwa hiyo kuna majiko mawili yanayopika kwa wakati mmoja, na mchuzi wa huku hauingii kule. Tena ndani ya jiko la Toho kwenyewe, hadithi imeanzishwa upya mara kadhaa.

Swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja: filamu hii inakumbuka filamu gani zilizotangulia? Mwaka iliotoka haukujibu swali hilo. Jina ndilo linalodanganya kabisa.

Kwanza tambua ulichonacho

Fungua sifa za faili uone urefu wake, ukiruhusu tofauti ya dakika moja au mbili:

- Godzilla ya 1954, ya Kijapani: dakika 96
- Hiyo hiyo ilivyokatwa Marekani mwaka 1956: dakika 80
- Ya 1984: dakika 103. Ilivyokatwa Marekani na kuitwa Godzilla 1985: dakika 87
- Ya 1998: dakika 139
- Ya 2014: dakika 123
- Shin Godzilla, 2016: dakika 120
- Godzilla Minus One, 2023: dakika 125
- King Kong ya 2005: dakika 187
- Kong: Skull Island, 2017: dakika 118

Kipimo hiki kina mtego. Faili lililotolewa kwenye DVD au televisheni ya mfumo wa PAL huwa limekimbizwa kutoka fremu 24 hadi 25 kwa sekunde, hivyo filamu inapungua asilimia 4. Ya dakika 96 inasoma 92. Mbaya zaidi, Minus One ya PAL inasoma 120, sawasawa na Shin, na ile ya 2014 inasoma 118, sawa na Skull Island. Muvi iliyotafsiriwa na DJ nayo haipimiki kwa urefu, maana inaweza kuwa imeongezewa utangulizi au imekatwa majina ya mwisho.

Hapo angalia dakika za mwanzo. Ya 1954 inafungua kwa majina kwenye giza, mshindo wa nyayo na ngurumo, bila picha nyingine yoyote. Ya 1984 ina mashua ya wavuvi inayopigwa na dhoruba karibu na kisiwa cha volkeno. Ya 1998 inakuonyesha mijusi na milipuko ya majaribio ya Wafaransa huko Polynesia, kisha inahamia New York penye mvua isiyokatika. Ya 2014 ina nyaraka zinazofutwafutwa maneno na picha za majaribio ya nyuklia, halafu mgodi nchini Ufilipino. Shin inaanza na boti ya anasa iliyotelekezwa kwenye Ghuba ya Tokyo. Minus One inaanza na ndege ya kivita ikitua kisiwa cha Odo mwaka 1945. Jina la kisiwa hicho limo pia kwenye ile ya 1954, lakini usidhani visa vimeungana. Ni heshima tu kwa wazee.

Kuna bandia pia. Kampuni ya The Asylum ya Marekani hutengeneza filamu za bei ndogo zenye majina na mabango yanayokaribia zile kubwa: Atlantic Rim ilitoka 2013, mwaka ule ule wa Pacific Rim, na Ape vs. Monster ikatoka 2021, mwaka wa Godzilla vs. Kong. Bango lina sokwe na mjusi, jina lina "vs", ila sekunde za mwanzo hazina nembo ya Toho wala ya Legendary. Futa, hifadhi nafasi.

Anza na ya 1954, hata kama unataka za Marekani tu

Hii ndiyo filamu pekee ambayo karibu kila mkondo wa Kijapani unaikumbuka, kwa hiyo ukiiona mara moja imekulipia nyingine nyingi. Tafuta ile ya dakika 96. Ile ya 1956 imepachikwa mwigizaji Raymond Burr akiwa mwandishi wa habari wa Marekani: anazungumza na watu ambao mara nyingi huoni sura zao, au wamempa mgongo, kwa sababu picha zake zilipigwa baadaye, kwingine. Ukimwona mzungu mwenye kiko anasimulia kila kitu, umepata toleo lisilofaa kuanzia.

Kilichokatwa ndicho chenye uzito. Machi 1954 mashua ya uvuvi ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru ilinyeshewa majivu ya bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililijaribu kwenye visiwa vya Bikini, Pasifiki. Filamu ilitoka Novemba 3 mwaka huo huo. Kuna kipande kifupi ndani ya treni: mwanamke anawalalamikia wenzake juu ya samaki jodari wenye sumu ya atomiki na mvua yenye mionzi, sasa tena na huyu Godzilla, naye alinusurika bomu la Nagasaki kwa shida. Analisema kama mtu anayelalamikia nauli. Mtazamaji wa Tokyo wa mwaka ule hakuhitaji maelezo zaidi.

Shika mambo matatu ya mwisho wake, yatakuja kukudai baadaye: jina la mwanasayansi Serizawa, silaha yake inayoteketeza oksijeni majini, na kwamba Godzilla anabaki mifupa mitupu.

Ukiona madubwana yanatembea pole pole mno, hilo lilikusudiwa. Ndani ya vazi la mpira alikuwamo Haruo Nakajima, na vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100. Godzilla alipangiwa kimo cha mita 50, hivyo Eiji Tsuburaya, mkuu wa athari za picha, na mafundi wake wakajenga majengo kwa kipimo cha 1 kwa 25, na kamera ikaendeshwa kasi kuliko kawaida. Ikirudishwa kwenye fremu 24, kila hatua inachelewa na kuonekana nzito. Mwaka 1984 maghorofa ya Tokyo yalikuwa yamerefuka hata yangemficha, akaongezwa hadi mita 80.

MonsterVerse: fuata mwaka wa kutoka

Mpangilio ni Godzilla (2014), Kong: Skull Island (2017), Godzilla: King of the Monsters (2019), Godzilla vs. Kong (2021), kisha Godzilla x Kong: The New Empire (2024).

Wapo wanaopenda kupanga kwa mwaka wa kisa, waanze na Skull Island kwa kuwa inatokea 1973. Inawezekana, ila unaharibu mambo mawili. Filamu ya 2014 imejengwa kwa kukuficha Godzilla. Inakutoa jasho karibu saa nzima kabla hajasimama mbele yako mzima mzima. Ukishazoea kumwona Kong waziwazi tangu dakika za mwanzo, subira hiyo inageuka kero. La pili ni kipande kilichowekwa baada ya majina ya mwisho ya Skull Island: michoro ya pangoni ya Godzilla na madubwana wenzake Rodan, Mothra na Ghidorah. Hicho ni mlango wa filamu ya 2019, na hakina utamu kwa mtu ambaye hajamjua Godzilla.

Katika filamu hizi tano, ni mbili tu zenye kipande baada ya majina: ya 2017 na ya 2019. Usiizime. Cha 2019 kinaonyesha mtu akinunua kichwa kimoja cha Ghidorah kilichokatika. Aliyekikosa hawezi kuelewa ile mitambo ya 2021 inapata wapi akili. Kama nakala yako ya DJ inaishia pale majina yanapoanza, vitafute vipande hivyo peke yake.

Swali jingine linalorudi kila siku: mbona Kong wa 2017 ana mita 31 hivi, halafu 2021 anapigana na Godzilla wa mita zaidi ya 100 akiwa naye karibu sawa? Jibu limetolewa ndani ya Skull Island, likapita haraka: yule askari mzee aliyekwama kisiwani anasema Kong bado anakua. Kati ya 1973 na pambano lile kuna miaka karibu hamsini.

Tamthilia ya Monarch: Legacy of Monsters, iliyoanza Novemba 2023 kwenye Apple TV+, iweke baada ya Skull Island, kabla au baada ya ile ya 2019, upendavyo. Katika msimu wa kwanza, sehemu yake ya sasa iko 2015, mwaka mmoja baada ya San Francisco kuharibiwa katika filamu ya 2014, na sehemu ya zamani iko miaka ya 1950. Ukiianza kabla ya Skull Island, mzee Bill Randa wa mwanzoni atakuwa mtu baki kwako. Afisa wa jeshi Lee Shaw wa ujanani na wa uzeeni wanaigizwa na Wyatt Russell na baba yake mzazi, Kurt Russell, ndiyo maana sura zinakubali. Katuni ya Skull Island ya 2023 unaweza kuiruka bila hasara.

Daktari Ishiro Serizawa wa Ken Watanabe ameunganishwa majina mawili: Ishiro wa Ishiro Honda, mwongozaji wa 1954, na Serizawa wa yule mwanasayansi. Silaha ya oksijeni nayo inatokea 2019, ikiwa na maana ndogo kuliko ya kwanza. Kwa maoni yetu hapo waliipoteza bure.

Mikondo ya Toho

*Filamu 15 za 1954 hadi 1975, enzi ya Showa, yaani ya mfalme wa Japani wa wakati ule.* Usizimeze zote. Chukua ya 1954, King Kong vs. Godzilla (1962), Mothra vs. Godzilla (1964), Ghidorah, the Three-Headed Monster (Desemba 1964), Invasion of Astro-Monster (1965) na Destroy All Monsters (1968). Kabla ya ile ya Ghidorah, tazama Rodan (1956) na Mothra (1961). Hao walikuwa na filamu zao wenyewe, bila Godzilla, kisha Toho ikawakutanisha. Hivi vikundi vya mashujaa tunavyoviona leo kwenye filamu za Marekani vilikuwa vimeshafanywa Tokyo kwa mavazi ya mpira zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Destroy All Monsters imewekwa mwishoni mwa karne ya 20, kwa hiyo filamu zilizotoka baada yake zinatokea kabla yake. Usipoteze usiku kutafuta mpangilio, watengenezaji hawakuusumbukia. Jihadhari na All Monsters Attack ya 1969: ni ya watoto, na mapigano mengi yameazimwa kutoka filamu za 1966 na 1967. Za 1972 na 1973 nazo zimeazima. Utajua kwa macho: mwanga na sura ya Godzilla vinabadilika katikati ya pigano moja.

Kuna uvumi mzee kwamba King Kong vs. Godzilla ina miisho miwili, Kong akishinda Marekani na Godzilla akishinda Japani. Si kweli. Kong anashinda kote kote. Kinachotofautiana ni uhariri: ya Kijapani ina dakika 97 na ni kichekesho kizuri juu ya watu wa matangazo ya biashara, ya Kimarekani ina dakika 91 na imejazwa watangazaji wa habari.

*Filamu 7 za 1984 hadi 1995.* Mashabiki wanaziita Heisei, kwa jina la enzi ya mfalme aliyefuata, ingawa 1984 enzi hiyo ilikuwa haijaanza. Huu ndio mkondo wa kufuatwa moja baada ya nyingine bila kuruka: ya 1984, kisha zile za "Godzilla vs.": Biollante (1989), King Ghidorah (1991), Mothra (1992), Mechagodzilla (1993), SpaceGodzilla (1994), Destoroyah (1995). Ya 1984 inakumbuka ya 1954 tu, nyingine zote imezifuta. Kamba ya kushika ni Miki Saegusa, binti mwenye uwezo wa kusikia mawazo ya Godzilla, ambaye yumo katika zote sita tangu 1989. Ukiruka ya 1993 hutajua yule mtoto wa Godzilla katoka yai gani, na ya 1995 itakupita bila kukugusa.

Wengi wanakwama ya 1991. Watu wa mwaka 2204 wanarudi 1944, kwenye kisiwa kiitwacho Lagos, kumwondoa dinosaria ambaye mionzi ingekuja kumgeuza Godzilla. Wakirudi, kila mtu bado anamkumbuka Godzilla. Tundu hilo ni la filamu yenyewe. Endelea tu.

Majina ya hapa ni matope. Godzilla vs. Mechagodzilla II ya 1993 si mwendelezo wa Godzilla vs. Mechagodzilla ya 1974. Hiyo "II" iko kwenye jina la Kiingereza, ya Kijapani haina. Mothra vs. Godzilla ni ya 1964, Godzilla vs. Mothra ni ya 1992, na ile ya 1964 Marekani waliiuza kwa jina la Godzilla vs. the Thing. Godzilla 2000 ilitoka 1999. Unapobadilisha majina ya mafaili yako, anza na mwaka, kisha jina: "1964 Mothra vs Godzilla". Kompyuta itayapanga yenyewe.

*Filamu 6 za 1999 hadi 2004.* Kila moja inasimama peke yake, isipokuwa Godzilla Against Mechagodzilla (2002) na Tokyo S.O.S. (2003), ambazo ni kisa kimoja. Hapa ndipo mifupa ya 1954 inapodai: Mechagodzilla wa 2002 amejengwa juu yake. Ile ya 2003 inaikumbuka pia Mothra ya 1961, na Hiroshi Koizumi amerudi kuigiza Chujo yule yule aliyemwigiza miaka arobaini na kitu nyuma. Seti hii ya filamu nne, 1954, 1961, 2002 na 2003, ndiyo tunayompendekezea mtu mwenye wikendi moja. Katika ile ya 2001 ya mwongozaji Shusuke Kaneko, Ghidorah ni mlinzi wa nchi na Godzilla ndiye shetani. Usitafute alibadilika lini.

*Shin Godzilla na Minus One.* Hazina undugu na yoyote, hata na ya 1954, wala zenyewe kwa zenyewe. Minus One ilipata Oscar ya athari za picha mwaka 2024, kwa kazi ya mafundi 35 na vipande 610. Zote mbili zina matoleo ya rangi nyeusi na nyeupe yanayouzwa kwa majina yaliyoongezewa neno, Orthochromatic kwa Shin na Minus Color kwa Minus One. Ni filamu zile zile, si sehemu ya pili.

Zinazobaki pembeni

Godzilla wa 1998 hakuendelezwa kwenye sinema. Toho baadaye ikamwita Zilla, ikamleta Final Wars ya 2004, akachapwa Sydney kwa muda mfupi usiotosha kumaliza karanga. King Kong ya 1933, ya 1976 na ya 2005 zinasimulia kisa kile kile. Ya 1976 ina mwendelezo, King Kong Lives wa 1986, na hakuna hata moja inayogusa MonsterVerse. Kwa watu wa mwambao kuna la kuchekesha: filamu ya 1933 inasema kisiwa cha Kong kiko magharibi mbali ya Sumatra, yaani ndani ya Bahari ya Hindi hii hii yetu. MonsterVerse ndiyo iliyokihamishia Pasifiki.

Gamera, yule kobe anayeruka, alitengenezwa na kampuni nyingine, Daiei, na hajawahi kukutana na Godzilla kwenye filamu. Tazama tatu za Kaneko kwa mpangilio: 1995, 1996, 1999.

Picha na manukuu

Filamu ya 1954 ina picha ya karibu mraba, 4 kwa 3. Godzilla akionekana mnene kama kiboko, televisheni yako inavuta picha ijaze kioo; ingia kwenye mipangilio uirudishe kwenye 4:3 au uwiano wa asili. Kinyume chake, za miaka ya 1960 na 1970 ni pana sana, na nakala za televisheni zilizokatwa pembeni humpoteza mmoja wa wapiganaji nje ya picha. Mapigano ya 2014 na 2019 ni ya usiku na mvua au vumbi: zima taa, weka televisheni kwenye hali ya sinema, na usizionyeshe kwenye kibanda umiza saa nane mchana mlango ukiwa wazi.

Za 2021 na 2024 ukizitazama na DJ hupotezi kitu, pengine unaongeza. Ya 1954, Shin na Minus One tafuta sauti ya Kijapani na manukuu, maana ukimya ndani yake una kazi. Shin ina maandishi mengi ya vyeo na majina juu ya picha pamoja na manukuu chini, kwa hiyo kioo cha simu hakitoshi.

Manukuu yakitangulia au kuchelewa kwa muda ule ule mwanzo mpaka mwisho, kwenye programu ya VLC ya kompyuta ya Windows bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo. Yakianza sawa kisha yakaachana na maneno kadiri filamu inavyosonga, H na G hazitakusaidia: faili lako ni la fremu 25 na manukuu ni ya 24, au kinyume chake. Linganisha muda wa mstari wa mwisho wa manukuu na urefu wa filamu. Pengo likikaribia asilimia 4, tafuta manukuu yaliyoandikwa kwa kasi ya nakala uliyonayo.